Muulize Shangazi: Midoli imejaa nyumba nzima, nifanyeje?

Mwezi huu mmeniandikia wengi kuhusu jambo moja, midoli ya watoto na sehemu ya kuchezea ndani ya nyumba. Nimechagua barua chache, maana nyingine zinafanana mpaka nikawa najiuliza kama mnakaa nyumba moja. Kuna niliowajibu kwa kirefu na kuna niliowajibu kwa mstari miwili mitatu, msinune.

Shangazi shikamoo. Nina watoto wawili, mmoja ana miaka minne mwingine miwili. Yaani saivi sebule yangu haina tofauti na stoo. Kila usiku nakusanya midoli naitupia kwenye boksi moja kubwa lenye mfuniko nililolinunua makusudi kwa kazi hiyo, asubuhi kabla sijanawa uso washalimwaga lote chini, alafu wanachezea dakika mbili wanakuja kuniambia hawana cha kuchezea!! Nikisema ninunue boksi la pili naona kama najidanganya. Nshachoka. (Mama wa Wawili)

Marahaba mwanangu. Boksi la pili usinunue kabisa, maana hilo la kwanza ndio mchawi wako.

Mwangalie huyo wa miaka miwili anapotaka kale kagari kake kekundu. Kako chini kabisa, juu yake kuna wanasesere, ngoma, matofali ya kuunganisha, vikombe vya plastiki na kitabu kilichochanika jalada. Hana njia ya kukapata zaidi ya kumwaga kila kitu, na akishamwaga macho yake yanakutana na vitu hamsini kwa mpigo, anashika hiki anaacha, anashika kile anaacha, kagari kenyewe ameshakasahau zamani. Akikwambia hana cha kuchezea, kwa upande wake anasema kweli, hakioni.

Na hili limepimwa. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani, walitoa utafiti wa watoto 36 wa miezi 18 mpaka 30. Kila mtoto alicheza mara mbili, mara moja kwenye chumba chenye midoli 4 na mara nyingine kwenye chumba chenye midoli 16. Palipokuwa na minne walikaa na mdoli mmoja muda mrefu zaidi na wakaubunia matumizi mengi zaidi, kuukokota, kuugeuza, kuuficha, kuulisha. Palipokuwa na 16 walikuwa wanarukaruka tu kama wako sokoni. Sasa wewe hapo sebuleni una 16 au una 160?

Kwahiyo kazi yako ya kwanza ni kupunguza, kupanga baadaye. Wakiwa wamelala au wametoka, mwaga kila kitu chini mwenyewe, na hapo ndio utajua una nini: gari lisilo na tairi, mkono wa mwanasesere ambaye mwenyewe hayupo, filimbi imepasuka, vipande vya pazo mbili (zile picha za kuunganisha vipande) zilizochanganyikana. Vilivyovunjika vyenye ncha vitoke moja kwa moja. Vinavyobaki vigawe mafungu matatu au manne, na kila fungu liwe na mchanganyiko, kitu cha kujenga, kitu cha kuigizia maisha ya watu wazima kama vyombo au simu ya bandia, kitu cha kusukuma au kurusha, vitabu. Fungu moja libaki nje, mengine yafungie kabatini juu ambako hawaoni, kuona ndio kila kitu. Ukiona wameanza kuzurura na kunyanyasana badilisha fungu, usijifunge na ratiba ya kila Jumatatu. Utashangaa mdoli walioutelekeza unavyopokelewa kama mgeni kutoka safari. Ila kile anacholala nacho usikiguse, hicho hakiingii kwenye mafungu.

Hilo fungu la nje liweke kwenye rafu fupi iliyo wazi, kimo cha kifua cha mtoto, kila kitu na nafasi yake na nafasi nyingine ziachwe tupu. Wazo hili la zamani. Maria Montessori, daktari wa Kiitaliano, alipofungua shule yake ya kwanza kwa watoto wadogo, mtaa wa San Lorenzo pale Roma tarehe 6 Januari 1907, vifaa vilikuwa vinafungiwa kabatini na mwalimu ndio anagawa. Siku moja kabati likasahaulika wazi, watoto wakajichukulia wenyewe, kila mmoja akaenda na alichokitaka akakaa nacho ametulia. Baada ya hapo yakaletwa makabati mafupi ya wazi. Kama huna rafu, mabeseni matatu ya chini chini yasiyo na mifuniko yanatosha, kina chake kisizidi kiganja na mkono wa mtoto ili aone hadi chini.

Na lile boksi lenye mfuniko, kama mfuniko ni mzito na haukai wenyewe ukiuinua nusu, liondoe au ung'oe mfuniko leo. Mtoto anaingiza kichwa kutafuta kitu mfuniko unamshukia shingoni, au wanajificha ndani wakicheza kibe na hakuna tundu la hewa. Likishakuwa halina mfuniko litakufaa sana kuwekea mablanketi.

Habari Shangazi. Mimi ni baba wa mtoto mmoja, miaka mitatu. Tunakaa chumba na sebule, nyumba ya kupanga, mwenye nyumba hataki kusikia msumari ukutani. Mke wangu anaona picha za vyumba vya watoto mtandaoni ananiambia na sisi tutengeneze, mi nashangaa tutengenezee wapi labda juu ya paa. Tunafanyaje? (Baba Mnyonge)

Nzuri baba, pole. Zile picha zinapigwa kabla mtoto hajaruhusiwa kuingia, msijipimie nazo.

Halafu nikwambie kitu, hata mngekuwa na chumba cha pili, huyo wa miaka mitatu angeburuta midoli yake akaja kucheza miguuni kwenu. Umri huo anataka akiinua kichwa akuone. Kwahiyo mtafutieni kona sebuleni, sio nyuma ya mlango wala kwenye njia ya kwenda jikoni, na kona hiyo muikague mkiwa mmekaa chini kabisa sakafuni, kimo chake yeye. Ukikaa chini ndio unaona soketi, waya wa televisheni unaoning'inia, kamba ya pazia (hiyo ifungwe juu mbali, kamba zimeshanyonga watoto), ncha ya meza ilipo usawa wa jicho lake, na dirisha ambalo akisogeza kistuli tu ameshafika.

Hapo tandikeni mkeka au kizulia kidogo. Mkeka ndio chumba. Midoli inachezewa juu ya mkeka, ikitoka nje ya mkeka inarudishwa, na mtoto wa miaka mitatu anauelewa mpaka huo haraka kuliko ukimwambia "usitawanye". Jioni mkeka unakunjwa sebule inarudi kuwa ya wakubwa.

Kwa kuhifadhi bila misumari, chini ya kitanda ndio ghala lenu, maboksi mafupi mapana ya kuvuta. Kuna na ile mifuko ya viatu yenye vijimfuko vingi inayotundikwa kwa kulabu juu ya mlango, inameza wanyama wa plastiki na magari madogo vizuri sana, vijimfuko vya chini vya mtoto, vya juu vya mzazi. Na kuna hii ninayoipenda mimi kwa matofali ya kuunganisha: chukua shuka la zamani, kata duara kubwa, kunja ukingo ushone mfereji kuzunguka duara lote, pitisha kamba. Ukitandaza ni uwanja wa kujengea, ukivuta kamba linakuwa fuko, matofali yote yamo ndani bila kuokota moja moja. Ila ukishavuta litundike juu, hiyo kamba ni ndefu.

Msumari mmoja ntakuombea kwa mwenye nyumba. Kama mna kabati la droo au rafu ndefu, lifungwe ukutani. Mtoto anavuta droo ya chini, ya pili, ya tatu, anapanda kama ngazi, kabati linamlalia, na haliangalii kama ni zito au jepesi kwa sababu droo zikishatoka zote uzito wote uko mbele. Marekani imebidi watunge sheria mwaka 2022 inayolazimisha makabati ya nguo yapimwe yasipinduke kirahisi. Mwambie mwenye nyumba ni tundu mbili utaziziba siku ya kuhama. Akikataa kata kata, basi vizito vyote droo ya chini, juu ya kabati pasiwekwe mdoli hata mmoja wala rimoti wala chochote kitakachomfanya atamani kupanda, au kabati lihamie chumba mnachofunga.

Na mkeo mwambie Shangazi anamsalimia, ana haki kudai nafasi ya mtoto. Kucheza kumetajwa mpaka kwenye Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 31. Haukusema lazima kiwe chumba lakini.

Shkamoo shangazi, mkubwa wangu ana miaka 6 anapenda matofali yale madogo madogo na vitu vya kutengenezatengeneza, mdogo ana miezi 10 anatambaa na kila anachokutana nacho ni mdomoni. Nikimnyima mkubwa naona namuonea, nikimwacha roho juu muda wote. Nisaidie. (Roho Juu)

Marahaba. Hapa kila mmoja apewe kimo chake. Sakafu ni ya mdogo, meza ni ya mkubwa. Vitu vyote vyenye vipande vidogo vichezewe mezani tu, juu ya sinia kubwa lenye kingo, ukiitwa ghafla unainua sinia na mji wake mzima unauweka juu ya kabati. Kama mna kile kizuizi cha kumfungia mtoto acheze ndani, jaribu kinyume chake, muingize mkubwa ndani na matofali yake, mdogo azurure nje. Mkubwa atafurahi maana kwa mara ya kwanza kuna mahali mdogo hawezi kumbomolea, na hilo lenyewe ni dawa ya nusu ya ugomvi wao.

Kujua kipi kidogo na kipi hapana, wapimaji wa midoli Marekani wana kopo maalum la kipenyo cha milimita 31.7, linakaribia koo la mtoto aliye chini ya miaka 3, kitu kinachoingia mle chote hakiuziwi mtoto wa umri huo. Nyumbani tumia lile bomba la katoni linalobaki karatasi ya chooni ikiisha, ni pana kidogo kuliko hilo kopo na ndio vizuri, liwe kali. Kinachopita humo kinapanda juu. Mipira midogo iogope zaidi kwa sababu inaziba koo kama kizibo. Na puto likipasuka, kile kipande nacho kinaziba koo, okota hapo hapo.

Kuna vitatu sitaki hata kusikia viko juu ya rafu, nataka vitoke nyumbani mpaka mdogo akue. Cha kwanza betri za saa, zile bapa kama kitufe, zimejaa kwenye midoli ya kuimba na kuwaka na kwenye rimoti ndogo ndogo. Ikikwama kooni haihitaji kupasuka wala kuvuja, inapogusana na mate umeme wake unatengeneza kemikali inayounguza nyama, na ndani ya masaa 2 inaweza kuwa imeshafanya madhara makubwa. Kwahiyo kila mdoli wenye betri uangalie kifuniko chake kinafungwa kwa skrubu, kama kinafunguka kwa ukucha mdoli huo usikae kwako. Ukihisi kaimeza usingoje aanze kulia, usimtapishe, kimbia hospitali waambie betri.

Cha pili sumaku ndogo zenye nguvu. Moja inaweza kupita, lakini akimeza mbili zinatafutana tumboni kila moja ikiwa kwenye utumbo upande wake, zinabana kuta za utumbo katikati mpaka zinatoboa. Cha tatu zile shanga za maji zinazovimba, kavu ni kama punje, ndani ya tumbo zinaendelea kuvimba na kuziba.

Huyo wa miaka 6 mpe cheo. Kila siku kabla mdogo hajashushwa sakafuni, mkubwa anapita kukagua kwa bomba lake la katoni. Wanaipenda hiyo kazi kuliko unavyodhani, ila wewe pita nyuma yake, bado ni mtoto.

Shangazi kubandika lebo kwenye maboksi kuna maana gani kama mtoto hajui kusoma? (Nauliza Tu)

Bandika picha. Piga picha ya kilichomo, chapisha au chora, bandika mbele ya boksi kimo cha macho yake, na andika neno pembeni kwa herufi kubwa, herufi zitamzoea polepole. Ila usigawe makundi mpaka uwazimu, "magari" inatosha, usiweke magari ya polisi huku na malori kule. Mtoto hatapanga hivyo, na wewe ukishaona hapangi utarudi kupanga mwenyewe saa nne usiku.

Shangazi, tatizo langu ni bibi yao, mama mkwe wangu. Kila akija ana mfuko wa midoli, mingine mipya mingine sijui anaitoa wapi, mizee imebanduka rangi. Nikisema kitu mume wangu ananuna anasema mama yake anawapenda wajukuu. Nyumba inajaa na mdomo sina. (Mkwe)

Mwanangu, usiende wewe. Mambo ya mama mkwe yanasemwa na mwenye mama, na hata yeye asiende na lawama, aende na ombi. Bibi anachotaka ni ule uso wa mjukuu mlango ukifunguka, midoli ni njia tu. Basi mume wako amwambie, mama, watoto wana midoli mingi mpaka wanaivunja, lakini kalamu za rangi na karatasi zinawaishia kila siku, au wanakuulizia uje uwatoe wakatembee. Vitu vinavyoisha havijazi nyumba. Njia nyingine, bibi awe na kapu lake kwake, midoli ya kwa bibi inabaki kwa bibi, hapo kila wakienda ni mipya, na kapu likifurika ataliona mwenyewe.

Iliyobanduka rangi hiyo sasa usione aibu. Rangi za zamani nyingi zilichanganywa na madini ya risasi, Marekani waliipiga marufuku kwenye rangi za nyumbani na midoli mwaka 1978 na bado mwaka 2007 kampuni kubwa zikalazimika kurudisha mamilioni ya midoli iliyokutwa na rangi hiyo. Mtoto anatafuna kitu, risasi inaingia, na inadhuru ubongo bila kuonyesha dalili za haraka. Huwezi kuijua kwa kutazama. Kwahiyo mdoli wa zamani uliopakwa rangi na rangi inamenyeka, hata kama alichezea baba yao, uweke kabatini kama ukumbusho, mdomoni usifike. Ila matofali ya kuunganisha ya kampuni ya LEGO, hata ya zamani, hayana shida ya kuoana, ya mwaka 1958 mpaka leo yanaunganika na mapya, hayo msitupe.

Na kugawa ile iliyozidi, wengi mnafanya usiku kwa siri. Kwa mtoto wa mwaka mmoja sawa. Akishafika miaka minne anajua alichonacho, akikuta kimetoweka ndio anaanza kung'ang'ania mpaka kasha tupu. Mpe boksi mwambie tunachagua vya kumpa mtoto mwingine, akichagua viwili shukuru. Akikataa vyote, rudi baadaye, usilazimishe.

Mambo shangazi, midoli ya kuogea ya mwanangu nikiiminya inatoa maji meusi, ni uchafu gani huo na nasafishaje? Na hii ya manyoya? (Usafi)

Poa tu. Huo ni ukungu na bakteria. Mwaka 2018 watafiti wa Uswisi na Marekani walipasua vile vibata vya mpira vya kuogea wakakuta ndani kuta zimefunikwa utando, bakteria kati ya milioni 5 na milioni 75 kwa kila sentimita moja ya mraba, na vingi vina ukungu juu yake. Plastiki laini yenyewe inawalisha. Kile kilichoshaanza kutoa vyeusi tupa, huwezi kufikia ndani. Kipya kizibe tundu kabla hakijagusa maji, kwa gundi ya moto au ya silikoni ya bafuni, uiache ikauke kabisa, au nunua visivyo na tundu. Hakitapiga kelele tena ukikiminya, ataishi.

Midoli ya plastiki ngumu ni maji ya vuguvugu na sabuni, suuza, kausha. Matofali usiyachemshe, LEGO wenyewe wanasema maji yasizidi nyuzi 40, yakipinda hayashikani tena. Yenye betri futa kwa kitambaa. Ukitumia dawa ya klorini usije ukachanganya na siki wala dawa nyingine, inatoa gesi mbaya ndani ya kabafu hako kadogo.

Ya manyoya ifue kwa maji ya nyuzi 60 kama lebo inaruhusu, hapo wale wadudu wa vumbi wanaokohoza watoto wanakufa. Kama lebo inakataa, ifunge kwenye mfuko uiweke friza usiku na mchana wake, halafu ifue kwa maji ya kawaida kutoa mabaki. Na kile kipenzi chake nunua pacha wake mapema, cha kwanza kikiwa kwenye kamba cha pili kiko kazini. Wabadilishane toka mwanzo wachakae pamoja, vinginevyo atakikataa kipya kwa harufu tu.

Shangazi mwanangu ana miaka mitatu na nusu, ukimwambia "panga midoli yako" anajilaza chini kama mgonjwa. Baba yake anasema tumtishie tutaitupa yote. Mi sijui. (Mama Kibonge)

Msitishie mtakachoshindwa kufanya. Mkitishia msitupe atajua maneno yenu ni upepo, na mkitupa mmemfundisha kwamba mkubwa akikasirika anachukua cha mtu.

"Panga midoli yako" kwa mtoto huyo ni kazi isiyo na mwanzo. Anaona mlima. Mwambie kitu kimoja kinachoonekana: lete magari yote kwenye beseni la bluu. Akimaliza, sasa wanyama. Na wewe uwe chini pale unaokota naye, kwa umri huo peke yake bado, tena ukihesabu kwa sauti au ukiimba wimbo uleule kila siku anaanza kusogea wimbo ukianza kabla hujamwita. Msingoje usiku amechoka na macho mekundu, pangeni kabla ya chakula cha jioni wakati bado ana nguvu na kuna kitu kizuri mbele yake. Mwambie kabla kidogo kwamba tunakaribia kupanga, hata wewe mtu akikunyang'anya kazi mkononi utanuna.

Halafu kuna lile ambalo wazazi wengi hamlioni. Mara nyingi anajilaza kwa sababu unataka kubomoa alichojenga. Kwako ni matofali yametapakaa, kwake ni gereji na hapo kuna gari linasubiri tairi na huyu sungura ni fundi. Hicho kisivunjwe. Mtengeeni sehemu moja, juu ya kistuli au ubao mpana unaosukumwa chini ya meza, ya kazi isiyoisha, kinachowekwa hapo hakibomolewi mpaka mwenyewe aseme. Sehemu ni moja tu, akitaka kuanza jingine achague. Baba yake naye amuulize hapo kuna nini, atapewa maelezo marefu, avumilie.

Na mkiona kila siku kupanga kunachukua zaidi ya dakika kumi mkiwa wawili, midoli iliyoko nje ni mingi, rudini juu kwenye jibu la Mama wa Wawili.

Shangazi za asubuhi, pazo zetu zote zimepungua kipande kimoja kimoja na nyingine zimechanganyikana. Kuna dawa? (Kipande Kimoja)

Nzuri. Ipo, inachosha siku moja tu. Zikusanye zote, panga moja hadi mwisho, igeuze, nyuma ya kila kipande weka alama moja, tuseme nukta nyekundu. Pazo ya pili mstari wa bluu, ya tatu herufi. Siku nyingine ukiokota kipande chini ya kiti huhitaji kukisia, unageuza unajua kinaenda wapi. Yale maboksi ya karatasi yameshalegea pembe, kata ile picha ya mbele uiweke na vipande vyake ndani ya mfuko wa zipu, na mifuko yote isimame wima kwenye kapu moja kama mafaili. Kwa watoto chini ya miaka mitatu mifuko hiyo ikae juu, asije akaivaa kichwani.

Zinazopungua kipande kimoja usitupe haraka, wadogo hawajali tundu, wanaojali ni sisi. Na kabla ya yote toa mito ya kochi uingize mkono pale nyuma. Vaa glavu.